Mafua ya Kipupwe: Tukiangalia Pua Tusisahau Kifua

Ndugu wasikilizaji, kipupwe kimeingia. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kati ya mwezi wa Juni na Agosti, mtu hana haja ya kutazama kalenda. Unatoka nje alfajiri, pumzi inakutoka mdomoni kama moshi. Kule Makete na Kitulo umande unaganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi. Shuleni nako, mwalimu akiingia na kusema "Hamjambo?", nusu ya darasa inamjibu kwa salamu na nusu inamjibu kwa chafya. Ndugu zetu wa Dar es Salaam hutucheka kwa makoti yetu, lakini kusi ikivuma na wao wanavuta makamasi kama sisi.

Kwa hiyo leo sitazungumzia siasa wala bei ya mahindi. Nataka tuzungumzie pua. Huenda mwingine akauliza: pua nayo ni habari ya kupelekwa redioni? Naam, ni habari, tena kubwa. Katika msimu huu yako makosa mawili yanayofanyika majumbani mwetu, na yote mawili yanaanzia puani. La kwanza ni kuyatibu mafua ya kawaida kana kwamba ni ugonjwa mkubwa. La pili ni kuupuuza ugonjwa mkubwa kwa kuuita "mafua tu". Kosa la kwanza linatumalizia fedha na kutuharibia dawa. Kosa la pili linazika watoto.

Tuanze na pua yenyewe. Pua haikuwekwa usoni kwa ajili ya urembo. Ni mlango, tena mlango wenye mlinzi. Hewa ya nje ni baridi, kavu na yenye vumbi. Mapafu yanataka hewa yenye joto, unyevu na usafi. Kazi hiyo ya kubadili hewa inafanywa puani, katika safari fupi ya kutoka tundu la pua hadi kooni. Ndani mna ute unaonata, na vumbi na vijidudu vikipita hunaswa humo. Chini ya ute huo mna vinyweleo vidogo sana, ambavyo jicho halivioni, vinavyopiga makasia mchana na usiku kuusukuma ute kuelekea kooni, nasi tunaumeza bila kujua. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza karibu lita moja ya ute huo kwa siku. Maana yake ni kwamba makamasi si uchafu wala si ugonjwa. Ni askari walio kazini. Tunawaona tu pale wanapokuwa wengi kupita kiasi.

Sasa mafua ni nini? Mafua ni ugonjwa unaoletwa na virusi, navyo si virusi vya aina moja. Wataalamu wamekwisha kutambua aina zaidi ya 200, na jamii moja tu kati ya hizo, iitwayo rinovirusi, ina aina zaidi ya 100. Ndiyo sababu hakuna chanjo ya mafua haya ya kawaida, na ndiyo sababu mtu anaweza kuugua mwezi wa Juni, akapona, na mwezi wa Julai akaugua tena. Hakurudiwa na yale ya kwanza, amepata mengine. Mtu mzima hupata mafua mara mbili au tatu kwa mwaka, na mtoto mdogo mara sita hadi nane. Mama ambaye mtoto wake ameanza shule ya awali asishangae akimwona kila mwezi na kamasi. Mwili wa mtoto uko darasani nao, unajifunza kuwatambua maadui mmoja mmoja.

Hapa ndipo wazee wetu na madaktari walipobishana kwa muda mrefu. Wazee walisema mafua yanaletwa na baridi: umetembea bila viatu, umenyeshewa, umeoga usiku. Madaktari wakasema la, mafua yanaletwa na virusi, na baridi imesingiziwa. Nani mkweli?

Waingereza waliamua kulifanyia majaribio. Mwaka 1946 walifungua kituo cha utafiti wa mafua karibu na mji wa Salisbury, kikafanya kazi hadi mwaka 1990. Maelfu ya watu walijitolea kwenda kukaa huko siku kama kumi, wakila na kulala bure, kwa sharti la kukubali kutiwa matone yenye virusi puani. Katika jaribio moja, baadhi yao walioga maji ya moto, kisha wakasimamishwa kwenye ukumbi wenye upepo wakiwa wamelowa, na soksi zao mbichi miguuni. Waliopigwa na baridi peke yake, bila kutiwa virusi, hawakupata mafua. Kituoni hapo hapo, mwaka 1965, Daktari David Tyrrell na wenzake waligundua kirusi cha mafua kilichokuja kuwekwa katika jamii inayoitwa korona, jina ambalo dunia nzima ililijua miaka mingi baadaye. Ndugu wa kirusi kile cha mwaka 2020 wamekuwa wakituletea mafua ya kawaida siku zote.

Lakini wazee nao hawakukosa kitu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, huko Wales, waliwaketisha watu 90 na miguu yao ndani ya maji baridi kwa dakika 20, na wengine 90 wakaweka miguu ndani ya beseni tupu. Katika siku chache zilizofuata, 13 kati ya wale wa maji walisema wameshikwa na mafua, na watano tu kati ya wale wa beseni tupu. Baadaye, mwaka 2015, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, waliokuwa wakichunguza seli za njia ya hewa za panya, walionyesha kwamba rinovirusi huzaana vizuri zaidi katika ubaridi wa puani kuliko katika joto la ndani ya mwili, kwa sababu katika ubaridi ulinzi wa seli hulegea.

Basi kesi hiyo tunaweza kuihukumu hivi. Baridi haizai mafua. Anayezaa ni kirusi, na bila yeye unaweza kulala nje ukaamka na ganzi lakini usiwe na mafua. Ila baridi inamfungulia mlango. Tena inamfungulia kwa njia nyingine kubwa zaidi: baridi inatukusanya. Wakati wa joto tunakaa barazani na chini ya miembe. Wakati wa kipupwe tunajifungia. Daladala inafungwa madirisha yote, bweni la wanafunzi 40 linazibwa hadi matundu ya hewa kwa magazeti, na familia nzima inabanana jikoni kuzunguka moto. Akipiga chafya mmoja, wamekula wote.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba si kila pua inayovuja ina mafua. Dereva wa bodaboda anayekwenda kasi asubuhi ya Julai pua yake itatiririka maji meupe, na akifika penye joto itakauka. Huyo haumwi, pua yake inafanya kazi ya kupasha hewa moto, basi. Yuko mwingine ambaye kila akifagia, au akiingia ghala lenye vumbi, anapiga chafya kumi mfululizo, macho yanamwasha, pua inawasha, lakini hana homa, na hali hiyo inaendelea wiki hata miezi. Huo ni mzio, na dawa yake ya kwanza ni kujua kinachomchokoza na kukiepuka. Na yuko mtoto mdogo ambaye anatoka kamasi upande mmoja tu wa pua, tena lenye harufu mbaya. Mtoto huyo mpeleke kituo cha afya. Mara nyingi huko ndani mna punje ya haragwe, ushanga au kipande cha sponji alichokisukuma mwenyewe. Usijaribu kukichokonoa kwa njiti, maana utakisukuma mbali zaidi.

Mafua yenyewe yana mwendo wake, na ni vizuri tuufahamu ili tusiwe na haraka. Kirusi kikiingia, siku moja hadi tatu zinapita. Kisha koo linakereketa, chafya zinaanza, na pua inatoa maji mepesi. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote, na ndizo siku mgonjwa anazowaambukiza wenzake zaidi. Halafu makamasi yanakuwa mazito, yanageuka rangi ya manjano au kijani. Hapo ndipo watu wengi wanapopata hofu na kusema, "Sasa imekuwa mbaya, nahitaji dawa kali." La hasha. Rangi hiyo ya kijani inatoka kwenye chembe nyeupe za damu za mwili wako mwenyewe, zilizokuja vitani. Peke yake si dalili ya hatari. Kati ya siku ya saba na ya kumi mambo yanakwisha, ingawa kikohozi kidogo kinaweza kukaa wiki mbili.

Nije sasa kwenye jambo linalonisumbua. Hivi karibuni nilikuwa nimesimama katika duka moja la dawa nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu alikuwepo mama aliyembeba mtoto mgongoni, mtoto mchangamfu, anacheka, pua inatiririka. Mama akasema, "Nipe dawa ya mafua ya mtoto." Muuzaji hakuuliza umri wala uzito, wala hakumtazama mtoto. Akatoa chupa ya antibiotiki ya unga na chupa ya dawa ya kikohozi. Mama akauliza bei, akahesabu fedha zake, zikapungua. Basi wakaafikiana wazichukue dawa za rangi mbili, vidonge vinne tu, akaambiwa akafungue na kugawa unga wake kidogo kidogo. Yule mama hana lawama. Anampenda mwanawe na amefanya alichoelekezwa. Lakini kila kitu katika biashara ile kilikuwa kinyume.

Antibiotiki huua bakteria. Haiui virusi, hata uimeze debe zima. Kumpa mtu wa mafua antibiotiki ni sawa na kumwekea mbwa mtego wa panya. Sasa mbona watu wanaapa kwamba ziliwaponyesha? Wahenga wamekwisha kujibu: jogoo awike asiwike, kutakucha. Mtu anaumwa siku tatu, siku ya nne anakwenda kununua dawa, siku ya sita anapata nafuu, sifa anaipewa dawa. Nafuu ile ilikuwa njiani inakuja. Jogoo ameiba sifa ya jua.

Mtu atasema: kama haisaidii, inadhuru nini? Inadhuru. Inaweza kumwendesha mtoto tumbo, au kumpa mzio. Tena, bakteria waliomo mwilini, wakionjeshwa dawa kidogo kidogo, hujifunza kuishinda. Jambo hili si geni. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alilieleza mwaka 1945 alipokuwa akitoa hotuba ya Tuzo ya Nobel. Alitoa mfano wa bwana mmoja anayeumwa koo, ananunua penisilini mwenyewe, anatumia kidogo isiyotosha kuwaua wadudu bali ya kuwafundisha. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi, anafariki. Fleming akauliza nani mwenye jukumu la kifo cha yule mama. Imepita miaka mingi tangu hotuba ile, na bado swali lake liko palepale kaunta, kati ya muuzaji na mnunuzi.

Sasa tufanye nini nyumbani? Kwanza, tuifungue pua. Kwa mtoto mchanga hili ndilo la kwanza kabisa, kwa kuwa kichanga hupumua kwa pua. Ikiziba anashindwa kunyonya, ananyonya mara mbili anaachia na kulia. Chemsha maji, yaache yapoe, chukua kikombe chake kimoja, yaani robo lita, utie chumvi kati ya robo na nusu ya kijiko cha chai. Mdondoshee matone mawili matatu kila tundu kabla ya kumnyonyesha, ungoje kidogo, kisha umfute kwa pembe ya kitambaa safi na laini. Dawa hiyo haina gharama, ila itengenezwe upya kila siku. Wako akina mama na bibi wanaonyonya kamasi la mtoto kwa mdomo. Mapenzi yao hayana kifani, lakini mdomo wa mtu mzima una vijidudu vyake. Maji ya chumvi na kitambaa vinatosha.

Pili, mgonjwa anywe. Maji, uji mwepesi, supu, chai ya tangawizi au mchaichai, vyote vinalainisha koo na kulegeza makamasi. Mtoto anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi ya kawaida. Asali kijiko kimoja inatuliza kikohozi, lakini isiwe kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinachopoozesha misuli ya watoto wachanga. Machungwa ya Muheza yaleni, ni matunda mazuri, ila msitegemee kwamba vitamini C itawakinga na mafua. Majaribio mengi yamefanywa na kwa watu wa kawaida haikuonekana kuzuia.

Tatu, homa na maumivu vitulizwe kwa parasetamoli, kwa kipimo cha uzito wa mgonjwa. Watoto wasipewe aspirini, kwa maana inaweza kuwaletea madhara makubwa ya ini na ubongo wakiwa na ugonjwa wa virusi. Zile dawa za maji zinazouzwa kwa ajili ya mafua na kikohozi, mtoto wa chini ya miaka sita asipewe bila ushauri wa mganga. Na wewe mtu mzima unayetumia matone ya dukani ya kuzibua pua, usiyatumie kupita siku tano. Ukizidisha, pua inayazoea, na ukiyaacha inaziba kuliko mwanzo. Wako watu waliofungwa na kichupa hicho miaka.

Nne, kujifukiza. Mwaka 2020 taifa zima liliingia chini ya blanketi na nyungu, kwa hiyo sina haja ya kueleza namna yake. Mvuke haumuui kirusi, wala haufupishi ugonjwa, ila mtu mzima anaweza kusikia nafuu ya muda. Kwa mtoto usijaribu. Sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi lenye mtoto anayetapatapa ni ajali inayongoja kutokea.

Na hapa niombe kwa sauti kubwa: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mnapolala. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wamelala wakiwa wazima kwa ajili ya kuota moto, asubuhi mlango ukavunjwa na majirani. Ongeza blanketi, mvalishe mtoto soksi na kofia, laleni pamoja, lakini jiko libaki nje.

Sasa, ndugu wasikilizaji, nifike kwenye kosa la pili, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ipo nimonia, ambayo wengi wetu tunaiita kichomi. Nayo mara nyingi huanza kwa mlango uleule: kamasi, kikohozi, homa kidogo. Mzazi anasema ni mafua tu, baridi ikiisha yataisha. Siku ya tatu mtoto amebadilika, na bado tunatazama pua. Pua haitakwambia kitu. Ukitaka kujua ukweli, fungua nguo utazame kifua.

Somo hili ni rahisi, na wahudumu wa afya hulitumia kila siku. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, pandisha nguo yake. Chukua saa yenye mshale wa sekunde, au simu. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Tumbo au kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikia pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka mno. Mtoto wa kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Mtoto wa kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, ni 40 au zaidi. Namba zenyewe ni tatu tu: 60, 50, 40. Ziandikeni nyuma ya mlango, au kwenye jalada la kadi ya kliniki.

Kisha tazama sehemu ya chini ya kifua, chini ya mbavu. Kwa kawaida mtoto akivuta hewa, kifua na tumbo hutanuka. Ukiona sehemu ile inabonyea ndani kila anapovuta hewa, hiyo ni hatari. Usingoje asubuhi. Vilevile usingoje ikiwa mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, au anatoa sauti ya kukoroma akivuta hewa ilhali ametulia. Na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa, au aliyekuwa wa baridi kupita kawaida, apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama hesabu ya pumzi ni nzuri. Huyo ndiye anayestahili antibiotiki, ipasavyo, kwa dozi kamili, kutoka kwa mganga aliyempima. Ona jinsi makosa yetu mawili yanavyokutana: tukizitumia ovyo kwenye mafua, siku zinapohitajika kwenye kichomi tunazikuta zimechoka.

Watu wazima nao wana mipaka yao. Mafua yakipita siku kumi bila nafuu, au yakipungua kisha yakarudi kwa kishindo na maumivu ya uso na homa, nenda ukapimwe. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, nenda ukapime kifua kikuu. Mwenye pumu, mwenye selimundu, mjamzito, mzee sana, au mwenye virusi vya UKIMWI, asikae nyumbani akibanwa na kifua.

Tumalizie na kinga. Kirusi cha mafua hakina mbawa. Husafiri katika matone ya chafya na kikohozi, katika hewa ya chumba kilichofungwa, na juu ya mikono yetu. Unapenga kamasi, unamshika mtu mkono, naye anajifuta jicho, safari imekamilika. Mnakumbuka mwaka 2020 kila duka na kila stendi palikuwa na ndoo ya maji na sabuni. Ndoo nyingi zimepasuka au zimerudi kufulia. Tuzirudishe walau mashuleni katika msimu huu, pamoja na sabuni, kwa sababu maji ya baridi peke yake watoto watayakwepa. Tupige chafya kwenye kiwiko, siyo kiganjani. Leso ifuliwe kila siku, na kila mtoto awe na yake. Wanafunzi wasinywe wote kwa kikombe kimoja. Na ukiwa na mafua, toa salamu bila kutoa mkono. Shikamoo haihitaji kiganja, na mzee ataipokea vilevile.

Tufungue madirisha, ndugu zangu. Si usiku kucha kwenye baridi ya Makete, bali mchana jua likitoka, bwenini, darasani na chumbani. Moshi wa kuni nao ni adui wa mapafu ya mtoto. Mama akipika asimbebe mgongoni juu ya mafiga, wala baba asivute sigara ndani ya nyumba. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo. Na chanjo zisikosekane. Chanjo ya pamoja yenye kinga dhidi ya bakteria wa Hib ilianza kutolewa nchini mwaka 2009, na ile ya kuzuia nimonia ya nyumokokasi ilianza kutumika kote nchini mwaka 2013. Zote hutolewa bure, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo hizi hazizuii kamasi. Zinazuia baadhi ya vichomi vinavyojificha nyuma ya kamasi.

Ndugu wasikilizaji, kipupwe kitapita kama vilivyopita vingine, na mafua yake yataondoka nacho. Tusiyaogope hata kuyakimbilia kwa dawa za rangi mbili. Jioni ya leo, kabla mtoto hajalala, mpandishe nguo, ushike saa, uhesabu pumzi akiwa mzima, upate kuijua hesabu yake ya kawaida. Siku akiumwa, hutahangaika kukisia.

Hadi wiki ijayo, nawatakia afya njema.